Bibi Harusi Aliyenuna

Jumanne, 4 Machi 2025

Limi anaota magego, sijalala. Baba Limi kapiga simu kutoka Kanada, anakotengeneza mitambo ya mgodi kama alivyokuwa akifanya Geita. Ati watu wa uhamiaji wa huko wana shaka na ndoa yetu. Picha za harusi! Kila picha bibi harusi amenuna. Wanaogopa niliozwa kwa nguvu. Na mke aliyelazimishwa hawamruhusu kumfuata mume.

Nimecheka mpaka uji wa Limi ukaungua. Bibi harusi wa kwetu akicheka, watu watasema kachoka kwao, anamkimbia mama yake! Mimi nilinuna vizuri mno. Mashavu yaliniuma mpaka kesho yake.

Jumapili, 9 Machi

Baba Limi anataka picha za sisi tukiongea kwa video, nikiwa na furaha. Haya, cheka kwa amri. Mama yangu kapita, kanitazama: unaumwa tumbo, Mama Limi? Baba Limi huko akacheka mpaka kofia ikadondoka. Picha nzuri ikawa ya kwake.

Limi kaibusu simu, kisha akailamba. Baba yake aliondoka nikiwa na mimba. Mtoto anadhani baba anaishi humo ndani. Hapo sikucheka. Nataka awe na baba mwenye mikono.

Jumatano, 12 Machi

Kesho mahojiano, kwa video. Na Mama huenda akaulizwa. Nimemwambia jibu ukweli, tena kwa kifupi. Kakasirika — lini amewahi kusema uongo? Kafua kitenge chake cha kanisani.

Alhamisi, 13 Machi

Mzungu mwenyewe mpole, na mkalimani wa kike, Kiswahili chake laini. Mimi nilijibu vizuri. Wakamwita Mama. Je, binti yako alitaka kuolewa?

Mama kakaa sawa, kifua mbele. "Atake? Hakutaka hata kidogo! Alilia kuanzia hapa Tinde mpaka Geita. Mawifi walimbembeleza wakachoka. Huyo nimemlea mimi!"

Mkalimani akatafsiri yote. Nikamkanyaga Mama mguu.

"Unanikanyagia nini?"

Hata hilo likatafsiriwa.

Basi. Kesho watapiga tena. Niwe chumbani peke yangu, mama asiwepo. Nimempigia Baba Limi. Akasema: mama mkwe wangu, jamani!

Mama kaniuliza, nimejibu vizuri, eeh? Nikamwambia umejibu vizuri, mayu. Kwa hapa Tinde, umejibu vizuri sana. Hakucheka. Kambeba Limi mgongoni tangu mchana, hataki kumshusha. Mtoto kalala hukohuko.

Nimemwambia kesho, simu ikiita, aende sokoni. Kasema sawa. Ila kigoda chake kakiweka nje, chini ya dirisha langu.

Nimekitoa.

Amekirudisha.