Mgonjwa wa Igizo

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, umri miaka 54. Kazi: mhudumu wa afya wa mtaa. Makazi: nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu.

Jina langu la kitambulisho umeshaliandika, Afande, lakini ukiliulizia mtaani hutanipata. Ulizia Mama Foleni. Wamenipa hilo kwa sababu siku za kliniki mimi ndiye ninayewapanga wajawazito kwenye mabenchi, na asiyefuata zamu namtoa nje, hata awe mke wa nani. Napita pia nyumba kwa nyumba kuwafundisha waume na mama wakwe dalili za hatari: damu, kichwa kuuma sana, uso kuvimba, tumbo kukaza lisiachie. Nawaambia ukiona moja tu, usingoje mtu. Eneo letu lilikuwa halijazika mjamzito kwa miaka miwili, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa hilo.

Mnamo siku ya Alhamisi iliyopita serikali ilikuwa inatukabidhi gari la kuwakimbiza wajawazito hospitali, kwenye uwanja wa zahanati. Katibu wa maandalizi alitaka igizo: mjamzito yuko hoi ndani ya gari, mgeni rasmi anakata utepe uliofungwa kwenye milango ya nyuma, milango inafunguliwa, wauguzi wanampokea mgonjwa, watu wanapiga makofi. Akalalamika kwamba wasanii wake hufunga mto tumboni na kila mtu anaona ni mto. Nikamwambia mimi nina tumbo la kweli nyumbani kwangu.

Huyo alikuwa mke wa mwanangu. Mimba ya miezi minane, ya kwanza. Alicheka, akasema, “Mama, mimi nitasahau maneno.” Nikamwambia maneno yenyewe ni haya tu: “Jamani natoka damu, nisaidieni!”

Saa nne asubuhi katibu alipigiwa simu kwamba msafara umeshavuka daraja. Tukamlaza kwenye kitanda cha gari, tukafunga milango, na katibu akafunga utepe mwenyewe, mafundo mawili na ua juu yake. Msafara haukuwa umevuka daraja lolote. Wakubwa unawajua, Afande, “tumefika” yao ndiyo kwanza wanavaa viatu.

Baada ya kama nusu saa nilimsikia mkwe wangu akigonga. Nikaenda kwenye kidirisha cha upande wa dereva. Alikuwa analowa jasho. Akasema, “Mama, tumbo limekaza, haliachii.” Nikampitishia maji. Nikamwambia, “Ni joto hilo, mwanangu. Jikaze kidogo, wako njiani.” Mimi huyo huyo ninayewafundisha wengine.

Saa tano na kitu akapiga kelele. Dereva na mafundi wa vipaza sauti wakacheka, wakasema msanii anafanya mazoezi. Nami nilicheka nao. Halafu nikaenda kuangalia. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Akasema polepole, “Mama, natoka damu. Si mchezo.” Nikaangalia shuka.

Hapo ulipoandika “shahidi hakutambua hali ya marehemu,” naomba ufute. Nilitambua. Ila king’ora kilikuwa kinalia getini, na nikajiambia ni dakika tano tu, utepe ukishakatwa tunaondoka naye papo hapo, gari lipo na dereva yupo. Nikamwambia, “Subiri mgeni akate utepe.” Akanijibu, “Sawa, Mama.” Hakuniambia neno jingine tena, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dakika tano zile hazikuisha. Kwaya iliimba. Mgeni akasalimiana na watu mmoja mmoja, nami nilikuwa kwenye mstari. Nilimpa mkono. Akaniuliza, “Ndiye wewe mama wa miaka miwili bila kifo?” Nikasema ndiye mimi. Nikatabasamu, picha zipo. Kisha akahutubia. Ningeweza kupiga kelele. Sauti yangu husikika zahanati nzima bila kipaza. Niliona aibu kumkatiza mkubwa. Ile ilikuwa aibu ndogo, Afande. Hii ya sasa sina pa kuuficha uso.

Utepe ulikatwa saa sita na dakika kumi. Milango ilipofunguliwa watu walishangilia. Damu ilikuwa imefika kwenye ukingo wa gari. Muuguzi ndiye aliyeacha kupiga makofi kwanza. Dereva aliondoa gari kwa kasi. Hospitali walimpasua, wakamtoa mtoto wa kike akiwa hai. Mama yake hakuamka. Daktari alisema kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati, na kwamba angefikishwa saa moja mapema wangemuwahi.

Jioni katibu alikuja msibani, akanivuta pembeni. “Mama Foleni, tuseme marehemu hakulalamika. Aliigiza vizuri mno, nani angejua? Tusiharibu mpango mzuri wa gari hili.” Nikakubali. Nikamwambia mwanangu hivyo hivyo, tena mbele ya watu, kwamba mkewe hakusema kitu. Mpango ni mzuri kweli, sitaki kuupaka matope. Juzi gari hilo liliwawahisha wanawake wawili na wote wako hai. Lakini marehemu asibebeshwe lawama ya kunyamaza. Alisema, na aliniambia mimi.

Mwanangu hajui. Tangu tuzike, kila asubuhi ananishukuru kwamba mkewe hakuwa peke yake. Ndiye aliyenisindikiza leo, yuko hapo nje kwenye benchi amempakata mtoto. Kumwambia uso kwa uso nimejaribu, nimeshindwa. Naomba umwite, haya yote unisomee kwa sauti naye akiwepo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari mwandikaji: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi mbele ya mwanawe, kama alivyoomba. Amethibitisha kuwa ni sahihi. Maneno yaliyofutwa yamefutwa kwa ombi lake. Mwanawe alisikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja lisilohusu upelelezi, ambalo sikuliandika. Mwanawe aliondoka na mtoto. Shahidi ametoka akaketi kwenye benchi la nje, na hadi nafunga jalada hili hajainuka.