Fundi Asiye na Mteja

Kaka yangu,

Huku tuko salama. Cherehani ya dirishani imepata mkanda mpya, na mimi najifunza kuandika programu ili wateja wetu wapange miadi kwa simu. Akili bandia inanisaidia, ila ina kiherehere. Juzi niliiomba ibadilishe rangi ya kitufe kimoja tu. Ikapanga upya ukurasa mzima na kumfuta baba kwenye orodha ya mafundi, eti hana mteja hata mmoja.

Bahati nzuri, kabla sijairuhusu iguse kitu huwa nahifadhi toleo la programu kwenye Git, chombo kinachotunza kila toleo, pamoja na maelezo mafupi. Nikalinganisha matoleo mawili, nikaona alipotolewa, nikairudisha programu ilivyokuwa.

Najua na wewe ulisema tumwondoe, apumzike. Mikono inatetemeka, kweli, lakini futi ya kupimia bado anaishika, na kila asubuhi ananiuliza, "Leo nina mtu?"

Nimemwekea miadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi: suti, na mteja ni wewe. Nimehifadhi toleo, na kwenye maelezo nikaandika, "Baba ana mtu." Toleo hilo, kaka, usinilazimishe kulirudisha nyuma.

Mdogo wako,
kitinda mimba