Mchezaji wa Kwanza

3 Machi

Kwa shemeji yangu fundi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia hilo pengo kama cheo. Wewe hujambo? Mgongo umepata nafuu, au bado unainamia redio za watu kutwa nzima?

Ningepiga simu, lakini sauti yako kwenye simu ni ya kaka yako mtupu. Naishia kulia na vocha inakwisha. Vumilia mwandiko wangu.

Huu ni mwezi wa saba tangu tumzike, na leo ndiyo nimeifuta vumbi ile mashine yake ya gemu. Mtoto anataka mbio za magari kama baba yake. Padi ya kuchezea iliyobaki ni ile ya pili, isiyo na waya, aliyokuwa akiishika jirani yetu mwokaji mikate, yule tunayemwita Unga, alipokuwa akishindana na kaka yako kila siku saa kumi alasiri. Nimeweka betri, nimebonyeza, taa zinazunguka tu, hazitulii. Ningemwuliza Unga, ila tangu ajali hajakanyaga kwangu. Tukikutana uani hugeuka na ule mguu wake unaochechemea. Ndiye aliyekuwa akiendesha ile pikipiki siku kaka yako alipofariki.

Nielekeze kama unavyomwelekeza mtu asiyejua kitu.

Shemeji yako

11 Machi

Shemeji,

Sijambo, mgongo unasema yake na mimi nasema yangu. Mbusu huyo kibogoyo kwa niaba ya baba yake mdogo.

Kwanza, usiipige. Wateja wangu wote huanza kwa kupiga. Toa betri, ufute vile vyuma vidogo ndani kwa kitambaa kikavu, uweke betri mpya, mbili za namna moja. Itoe mashine kwenye kabati la chuma, maana chuma humeza mawimbi. Chomoa waya wa umeme, hesabu mpaka mia, rudisha. Sasa tafuta kitufe kidogo usoni mwa mashine, kibonyeze mara moja. Na padi ina mwenzake, kitufe kidogo juu, karibu na betri. Kibonyeze kabla hujahesabu ishirini. Taa zitazunguka pamoja, kisha itabaki moja. Hiyo moja inakwambia wewe ni mchezaji wa ngapi.

Ikikataa, rudia. Mashine ya zamani ni kama mzee: haikatai, inataka kuombwa mara mbili.

Shemeji yako fundi

20 Machi

Shemeji fundi,

Habari za kazi? Mtoto alikuwa na mafua, yamekwisha. Padi imekubali mara ya tatu, mkono wako nauamini.

Lakini kuna jambo, na usinicheke. Mashine inajiwasha.

Juzi saa kumi nilikuwa napiga pasi, mtoto anachora sakafuni karibu na mlango. Nikasikia ule mlio wake wa kuamka. Nikageuka nimwulize amegusa nini, nikamwona yuko kule mlangoni, kalamu mkononi. Taa ya kwanza inawaka. Ile ya nafasi ya kaka yako, ambayo hakuruhusu mtu mwingine kuikalia.

"Mama," mwanangu akasema, "Baba ameingia."

Akaiwasha padi yake, mashine ikampa nafasi ya pili. Akaona ndivyo inavyopaswa. Akachagua mchezo wa watu wawili, akasimamisha gari lake kwenye mstari kando ya gari la kwanza, akasubiri.

Jana tena. Leo tena.

Padi ya kwanza, kumbuka, ilikuwa kwenye mkoba wake siku ile alipokuwa anakuja kwako. Hospitali walinirudishia mkoba ukiwa na miwani, bakuli la chakula na funguo. Padi haikuwemo. Nilidhani imepotelea barabarani. Sasa nifanye nini? Nikichomoa waya, mtoto analia kana kwamba nimemfungia mtu mlango.

Shemeji yako

25 Mei

Shemeji,

U hali gani? Miezi miwili kimya. Hata duka likifungwa, mteja huachiwa karatasi mlangoni. Nilikukosea nini?

Mtoto siku hizi haendi kucheza nje. Ikikaribia saa kumi hata nikimwita haitiki.

Na mimi nimeanza kuchana nywele saa tisa na nusu. Nakwambia wewe kwa kuwa sina wa kumwambia.

Shemeji yako

3 Juni

Shemeji mpenzi,

Nisamehe. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Hayo ya kuchana nywele ndiyo yaliyonishinda kukaa kimya.

Mashine hiyo haijiwashi. Nimezifungua nyingi, nazijua utumbo. Huwashwa na mtu aliyebonyeza kitufe kikubwa cha katikati cha padi inayoijua, hata akiwa nyuma ya ukuta, mradi asizidi hatua kumi na mbili hivi. Padi ya kaka haikupotelea barabarani. Na betri zilizokuwemo siku ile haziwezi kufika leo. Mtu amekuwa akinunua mpya. Mizimu, shemeji, hainunui betri.

Haya niliyajua tangu Machi. Sikuandika kwa sababu ukimpata mwenye padi, utamwuliza habari za siku ile, na atakwambia kwa nini kaka alikuwa barabarani siku ile hasa.

Ni mimi. Padi yake ilikuwa inapoteza mawasiliano na mashine, akanipigia, akasema ataileta mwisho wa mwezi. Nikamwambia, ilete leo hii, kesho nasafiri kikazi wiki tatu. Sikuwa na safari yoyote. Tulikuwa hatujaonana miezi minne, na mwanamume mzima nikaona aibu kumwambia kaka yangu njoo tu tukae. Nikadanganya. Akamwomba Unga amlete.

Ukitaka kuifuta padi ile, mashine isiisikie tena kamwe, niambie nikuelekeze. Ukitaka kunifuta na mimi, nitaelewa.

Mdogo wa mumeo

15 Juni

Shemeji,

Nimekusoma. Tu wazima, nawe nakuomba uwe mzima, ule na ulale.

Siku barua yako ilipofika nilisubiri. Saa kumi taa ikawaka. Nikamwambia mtoto asitoke, nikahesabu hatua kwa kufuata ukuta. Ya tisa ikanifikisha mlangoni kwa Unga. Nikabisha.

"Unga, fungua. Najua ulichoshika."

Akafungua. Nyusi zake bado zilikuwa na unga wa kazini, padi iko mkononi, ina ufa kutoka upande hadi upande.

"Niliiokota palepale," akasema. "Mimi nimelala, yeye amelala, nayo iko katikati yetu. Niliishika mpaka hospitali. Kila siku nikasema kesho nitakuletea. Miezi ikapita. Siku moja nikaitia betri, nikabonyeza, nione kama imekufa. Nikasikia mashine yenu ikiamka upande wa pili wa ukuta. Halafu nikamsikia mtoto akicheka. Tangu siku ile ya ajali sikuwa nimemsikia akicheka. Nikaapa sirudii. Kesho yake saa kumi nikajikuta nimeketi, nimebonyeza."

"Umemfanya mwanangu amngoje baba yake mlangoni kila siku ya Mungu!"

Nilimwambia na mengine ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Nikachukua padi nikaondoka.

Nilimkalisha mtoto, nikamwonyesha ule ufa, nikamweleza ni nani aliyekuwa akibonyeza. Hakulia. Akauliza, "Hata ile siku ya kwanza?" Nikasema, hata ile. Kisha akauliza kama Unga anaweza kuja kuliendesha lile gari, maana limesimama muda mrefu.

Usinielekeze kuifuta. Nimetoa betri, inatosha. Saa kumi nyumba hunyamaza hivi kwamba namsikia Unga akivuta kiti upande wa pili wa ukuta.

Neno kubwa nimeliweka chini kwa makusudi, maana ungelisoma mwanzo usingeyasoma mengine. Juzi Unga alinifuata uani, akasimama mbali kidogo. Nikamwuliza kuhusu ile safari yako ya wiki tatu. Akashangaa ninaijuaje. Akasema alikuwa ameshawasha pikipiki, kaka yako anafunga kofia, akacheka peke yake, akamwambia: "Huyu mdogo wangu hana safari yoyote. Amenikumbuka tu, anaona haya kusema. Twende."

Alijua, shemeji. Alijua, na akapanda.

Shemeji yako