Sura ya Kuuza Shamba

Jumapili, Kitengela

Sasa hata sijui kama hicho kitabu ni kizuri. Kikundi chetu cha kusoma kimegawanyika leo. Mama Njeri alilia tena kwa ile sura ya kitabu ambapo baba anauza shamba la familia. Mwalimu Wambui akamcheka, ati mwandishi anatukamua machozi kama ng'ombe.

Mimi nililia pia. Sikusema.

Mama Naserian alikuwa anakunywa chai tu. Nikamuuliza, "Na wewe, hukulia?"

"Nililia siku baba yangu aliuza letu," akasema, akiangalia nje ya dirisha.

Dirisha langu. Tulikuwa tumekaa kwa ploti ya hilo shamba, niliyonunua kwa huyo baba yake, na mimi ndio nilichagua kitabu.

Nikamwongezea chai. Akanishukuru kama mgeni.