Kukana Si Kumkana

Chumba Namba 6,
Nyuma ya Soko,
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Miwani,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, na kile kifua chako kiwe kimetulia. Mimi sijambo, mguu tu unauma kwa kukanyaga cherehani. Mama naye hajambo, ila hasemi nami. Ndiyo maana naandika.

Barua uliyompelekea alisomewa na shangazi, maana macho yake unayajua. Alipofika uliposema "Dada anakana", shangazi akatua, akamgeukia mama: "Umesikia? Mwanao mwenyewe anasema huyu amemkana baba yake." Leo siku ya kumi na tisa, mama hajapita hapa kazini.

Niliichukua barua nikaisoma mara nne. Najua, kwa saikolojia unayosomea, ulimaanisha nafsi ikizidiwa na uchungu hujifanya msiba haukutokea, na kwamba mimi kufungua kazi siku ya tano baada ya maziko ya baba ni dalili. Lakini hukuandika nakana nini. Umeacha neno bila pindo, msomi, nalo limefumuka.

Tena umeandika eti ndani ya mtu mna watatu: anayetaka, anayekataza na msuluhishi. Chumba changu ni mita tatu kwa mbili na nusu, na nilikuwa na suruali sabini na mbili za sare. Hao wangekaa wapi?

Kwenye kuhamisha hasira umenipata. Shangazi alinisema asubuhi, mchana nikamfokea mteja wa zipu. Nimemwomba radhi. Ila shangazi ndiye ambaye hakusema na baba, kaka yake, miaka minane, na leo mkanaji ni mimi. Hilo nalo lina jina kwenye vitabu vyenu?

Sifungi cherehani ili nionekane nalia. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo kuukuu nikazishona upya mpaka nikajua.

Mwandikie mama wewe mwenyewe, herufi kubwa kama za bango, asihitaji msomaji. Mweleze ulichomaanisha.

Na ujue hili. Jumanne nilikata suruali, kiuno thelathini na sita, mguu wa kushoto umepungua nusu inchi. Unajua ni vipimo vya nani. Hakuna aliyeiagiza. Nimeishona mpaka vifungo. Itafutie jina ukitaka, lakini kumkana siyo.

Wasalimie mjomba na mkewe wanaokulea huko. Shangazi hakutuma salamu, nami sikumwomba. Mungu akufungulie mitihani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,
Fundi.