Nyanya za Casimir

Élisabethville, 6 Oktoba 1952

Mpendwa Yaya Victorine,

Pokea, dada yangu, salamu za mdogo wako. Je, mguu umepata nafuu? Na mvua imeanza huko Kasomeno? Huku mwili ni mzima, ila moyo umejaa nyongo.

Unamkumbuka Casimir, jirani yangu, mtunza bustani wa Mzungu. Mwezi wa saba majani ya nyanya zake yakawa membamba kama kamba, yakajikunja. Akasimama bombani mbele ya wanawake wote: “Ule mama Marceline iko mulozi. Aliangalia tu nyanya yangu, sasa muone majani.”

Tangu hapo wananipisha bombani kwa woga, kama mchawi kweli. Wazazi wa mchumba wa binti yangu Régine wamevunja uchumba. Mtoto analia, nami simsamehe Casimir. Wala sijajaribu.

Godefroid wetu, anayefanya kazi kwenye shamba la majaribio, aliyaona majani yale akacheka. Alisema mmea una homoni, kitu kidogo sana kinachotoka kwenye ncha changa na kuliongoza jani likue kiasi gani. Mzungu wa Casimir ana dawa ya kuua magugu, iliyotengenezwa kuiga homoni hiyo. Ikizidi, upande mmoja wa jani unakua mbio kuliko mwingine, jani linajipinda. Na Casimir huazima pampu ile ile ya kunyunyizia dawa hiyo, huisuuza mara moja kwa maji baridi, akatia maji ya sabuni na kunyunyizia nyanya zake dhidi ya wadudu.

Godefroid alitaka kumwambia. Nilimkataza.

Sasa Casimir amepanda miche mipya, na pampu ataileta Jumamosi ya tarehe 18. Mimi na Régine tunaondoka Alhamisi, siku mbili kabla, kwa lori la samaki. Dereva wake ndiye aliyekuletea barua hii. Karatasi yangu ya safari ina muhuri. Tukifika, nipeleke kwa chifu naye apige wake wenye tarehe. Baada ya wiki tatu nitarudi na karatasi hiyo bombani, mbele ya wanawake wale wale, nimwulize Casimir niliangaliaje nyanya zake kutoka Kasomeno. Kisha Godefroid ataeleza habari ya pampu.

Mkewe Agnès hana kosa. Kila asubuhi anaimwagilia miche ile, na nikimwona nalegea kidogo. Halafu namsikia Régine.

Nisalimie shemeji Mumba na Chileshe na wanawe. Mungu aunyooshe mguu wako, akutunzie nyumba yako. Usimwambie mtu sababu ya safari yangu.

Leo nimechungulia uani kwa Casimir. Majani ni mapana, yamenyooka. Niliyaangalia sana, Yaya, kama alivyosema.

Mdogo wako akupendaye,
Marceline