Usikate Simu

Kwako Mueni, wajina wangu,

Pokea salamu zetu kutoka hapa Makadara. Sote tu wazima, na babu yako angali anabishana na redio.

Umeniuliza, kwa kuwa nilikuwa mshauri nasaha, umwambie nini baba yako anaponyamaza kwenye simu kwa hasira, kama siku ile ulipoikata.

Nilipohitimu, baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori huko Industrial Area, aliingia jioni moja akaubamiza mlango. Nikamwambia kwa sauti niliyofundishwa, "Baba, naona una hasira. Ungependa tuizungumzie?"

"Mimi si mgonjwa wako, Mueni. Chakula kiko wapi?"

Nilitamani kutoka nje. Hata hivyo nilimpakulia githeri, nikaketi kando yake, nikanyamaza. Sahani ilipofika nusu, akasema, "Leo gari langu wamempa kijana."

Tangu siku hiyo niliuacha utaalamu wangu mlangoni kila nilipoingia nyumbani.

Kwa hiyo mpigie Jumapili hii, bila kuahirisha. Muulize amekula nini. Akinyamaza, nyamaza naye, lakini usikate simu.

Nyanya yako,
Mueni